Mpini Haunolewi

Tunao ule msemo wetu: mwenzako kashika mpini, wewe umeshika makali. Kila mtu mtaani anajua maana yake. Lakini hebu kwa leo tuuache ubishi wa nani mwenye nguvu, tuutazame huo mpini wenyewe. Kisu kina pande mbili na kila upande unazeeka kivyake. Makali yakiwa butu unayapeleka kwenye jiwe, na kila unaponoa unaondoa chuma cha jana pamoja na alama zake zote. Baada ya miaka kumi kisu kimekuwa chembamba kama jani la muwa, lakini uso wake ni wa asubuhi hii hii. Mpini haunolewi. Mpini unapokea jasho, mafuta ya nyama, masizi ya mekoni, nta, vumbi la njia, na vyote hivyo unavitunza.

Nasema haya kwa sababu historia ya Tabora tuliyosomeshwa ni historia ya makali matupu. Tunajua kwamba Mirambo aliwasha vita na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871, na kwamba Stanley alijitia katika vita ile akatoka mbio. Tunajua kwamba Mtemi Isike, Januari 1893, aliona bora alipue baruti yake na kufa ndani ya boma kuliko kukamatwa na Wajerumani wa von Prince. Tunajua kwamba Wabelgiji waliingia mjini Septemba 1916. Sawa, bwana. Lakini kati ya tarehe moja na nyingine walipita watu maelfu kwa maelfu, mabegani wana mizigo na viunoni wana visu, na wengi wao hawakuacha barua wala daftari. Tutawasoma wapi? Mimi nadai kwamba sehemu moja ya kuwasoma ni pale mikono yao iliposhika.

Jambo hili halikunijia kwa sababu ya uanazuoni. Nilikomea kidato cha nne. Ninaandika riwaya, na mhusika wangu mkuu ni mpagazi wa Kinyamwezi wa mwaka 1872, mwaka ule Livingstone alipokaa Kwihara akingojea wapagazi wapya kutoka pwani. Kila nifikapo mahali ambapo mhusika anachomoa kisu, kalamu inasita. Kisu chenye mpini gani? Una rangi gani baada ya miezi mitatu njiani? Waandishi wetu wengi huandika “akachomoa kisu kilichometameta” na kuendelea na damu. Kwani kinachometa ni nini hasa, na mbona hakijachakaa?

Tuanze na visu vya siku hizi, maana ndivyo tunavyoviona. Vijana wa mijini wanaopenda visu vya kukunja vya mfukoni wanasifia mipini ya titani. Titani ni metali nyepesi na ngumu kushambuliwa na kutu. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1791 na William Gregor, ila ikakaa zaidi ya miaka 100 bila kazi ya maana mpaka ilipopatikana njia ya kuisafisha kwa wingi katika karne ya 20. Mipini hiyo inakuja na rangi za ajabu: buluu, zambarau, rangi ya dhahabu. Wauzaji wanasema rangi haitoki. Ukweli ni kwamba pale hapana rangi yoyote. Fundi anaitumbukiza titani katika maji yenye chumvi au asidi kidogo na kupitisha umeme. Juu yake unaota utando wa oksaidi, mwembamba mno, na mwanga unapogonga juu na chini ya utando ule ndipo macho yanaona buluu au zambarau. Umeme ukizidi, utando unanenepa na rangi inageuka. Ni kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji.

Sasa mpini huo ukikaa mfukoni mwaka mzima, nini kinatokea? Kwanza mafuta ya ngozi yanaifanya buluu ifubae au igeuke kidogo. Ukiosha kwa sabuni inarudi. Halafu funguo na sarafu zinaukwaruza, na kila mkwaruzo unafunua ukijivu wa metali iliyo chini. Utando mpya unaota pale pale, lakini ni mwembamba kiasi kwamba hauna rangi. Kingo zinatangulia kuwa kijivu, kisha migongo, mwishowe buluu inabaki mashimoni tu. Jasho haliifanyi kitu. Ndiyo maana madaktari wanaitumia kutengeneza nyonga za bandia: mwili unaiacha ilivyo, nayo inauacha mwili. Kwa hiyo mpini wa titani unaujua mfuko, hauujui mkono. Ukikiokota kisu cha namna hiyo utaweza kukisia mwenyewe alibeba funguo ngapi, lakini huwezi kujua alikishikaje. (Mchanga wenye titani, kwa taarifa yako, tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024. Sehemu kubwa ya titani ya dunia haiendi kwenye visu wala ndege. Inakwenda kutengeneza weupe wa rangi za kupaka kuta.)

Shaba ni habari nyingine kabisa. Na shaba ndiyo iliyokuwa njiani kwenda Tabora.

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni yapata kilomita 800. Burton na Speke walianza safari kutoka pwani Juni 1857 na wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, tarehe 7 Novemba, wakapokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu. Mpagazi wa kawaida alibeba frasila mbili, karibu kilo 32, na juu ya hapo kikawa chake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula, silaha. Mizigo ya kwenda bara ilikuwa ya aina tatu kubwa: nguo, shanga, na waya. Nguo ni merikani nyeupe na kaniki nyeusi. Shanga zilikuwa na majina na fasheni zake. Ukipeleka zilizopitwa na wakati, zinakudodea. Waya ulikuwa wa shaba njano, mnene kiasi, ukiviringwa na kufungwa kwenye ncha za mti ili uelee begani. Stanley aliipanga mizigo hii kama fedha: shanga ndizo senti, nguo ndizo sarafu za fedha, na waya, hasa ukishavuka Ziwa Tanganyika, ndio dhahabu.

Waya huu haukukaa kama ulivyofika. Mafundi wa bara waliupitisha katika matundu ya kipande cha chuma, wakiuvuta tundu hadi tundu mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Kazi hii Wanyamwezi na Wasumbwa waliijua vizuri kiasi kwamba walipokwenda Katanga na Msiri, yule aliyejijengea ufalme Bunkeya na kuuawa na msafara wa Stairs Desemba 1891, waliendelea kuvuta waya huko kutoka shaba nyekundu ya nchi ile. Shaba nyekundu nayo ilishuka kuja Unyamwezi. Kwa hiyo Tabora zilikutana shaba mbili, ya njano kutoka ng'ambo na nyekundu kutoka Katanga. Zilizungushwa miguuni mwa wanawake kama sambo, zikavaliwa mikononi kama vitindi, na zikafungwa kwenye mipini ya visu, ya mikuki, ya shoka, na kwenye vitako vya magobore.

Kwa nini mtu afunge waya kwenye mpini? Kuna sababu ya kifundi: mti uliokauka kwenye jua la Ugogo hupasuka, na waya unauzuia usifunguke. Kuna sababu ya mkono: mti laini uliolowa jasho unateleza, waya unakwaruza kidogo na kushika. Kuna sababu ya urembo, hiyo haihitaji maelezo. Lakini mimi naiona na ya nne, ambayo kwa mwandishi wa hadithi ni tamu kuliko zote. Waya ulikuwa fedha. Aliyefunga mizunguko 20 ya waya kwenye kisu chake alitembea na akiba mkononi.

Hebu tuufuate mpini kama huo siku kwa siku. Shaba njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ikitoka kwa fundi inang'aa kama dhahabu. Baada ya siku chache hewa imeitandazia utando wa hudhurungi. Jasho linaharakisha mambo, maana lina chumvi na asidi kidogo. Ndiyo sababu ukishika kitasa cha shaba kilichotoka kung'arishwa, kesho yake unakuta alama za vidole vyako pale pale. Chumvi ikikaa juu ya shaba penye unyevu, inazaa ile kutu ya kijani ambayo ukiilamba unaijua. Sasa mahali pazuri ni hapa: mkono unaoleta chumvi ndio huo huo unaosugua. Mgongo wa kila mzunguko wa waya unasuguliwa na kiganja na kubaki unang'aa. Bonde lililo kati ya mzunguko na mzunguko halifikiwi, linakusanya mafuta na vumbi, linakuwa jeusi. Baada ya miezi kadhaa mpini una mistari ya njano na nyeusi kama nyuki.

Wala haing'ai sawasawa kila mahali. Kidole gumba kina pake pa kukaa. Ukubwa wa kiganja unaonekana pale mng'aro unapoanza na pale unapokoma. Mtu wa mkono wa kushoto anaacha alama zake upande wa pili. Anayeshika kisu karibu na ubapa, kama mchuna ngozi, ni tofauti na anayeshika kwa nyuma, kama mkata majani. Waya ukilika sana zinki nayo hutangulia kutoka, na penye unjano panaingia wekundu. Kisu hicho kikiachwa darini miaka mingi bila kuguswa, hewa inaanza kusawazisha kila kitu kwa weusi mmoja; na hata hivyo ule mgongo uliokuwa ukisuguliwa unabaki bapa. Weusi unafunika rangi, haurudishi shaba iliyokwisha kuliwa.

Chini ya waya kuna mti. Nchi ya Tabora ni nchi ya miombo, na humo kuna mninga na kuna mpingo. Mninga mpya una rangi ya kahawia yenye wekundu na unakolea kwa mwanga na mafuta. Mpingo ni mweusi tangu mwanzo na haubadiliki sana, ila unapata mng'aro wa ndani kama jicho la ng'ombe. Na miombo hiyo hiyo ina nyuki. Watu wa Tabora ni watu wa asali tangu zamani, na nta yao imekwenda hadi Ulaya. Mpini uliopakwa nta haunywi maji, haupasuki upesi, na nta ile inashika vumbi jembamba linaloziba vinyweleo vya mti. Baada ya muda huwezi kusema hapa ni mti, hapa ni nta, hapa ni mtu.

Adui mkubwa yumo ndani. Chuma cha kisu kinaingia katika mpini, na chumvi ikimfikia huko ndani kinapata kutu. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba na kuupasua mpini kutoka ndani, hata kama nje waya umekaza. Sasa fikiria wapagazi waliopita Uvinza. Pale kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamechemsha chumvi tangu kale. Sutton na Roberts walichimba pale mwaka 1967 na kukuta dalili za kazi hiyo ya karne nyingi. Chumvi ya Uvinza ilibebwa pande zote hadi Tabora na kwingineko. Mpagazi wa chumvi alilowa chumvi mgongoni, mikononi, kiunoni. Ningekuwa na visu viwili vya safari ile mbele yangu, kimoja cha aliyebeba nguo na kingine cha aliyebeba chumvi, ningetazama kwanza nyufa za mpini.

Hapa panahitaji ubishi kidogo, maana naogopa tusije tukapenda uchakavu kupita kiasi. Enzi hizo hakuna aliyenunua waya wa shaba ili uwe mweusi. Aliununua kwa kuwa unang'aa. Sambo za miguuni zilijing'arisha zenyewe, moja ikisugua nyingine kila hatua, na hiyo milio yake pia ilikuwa sehemu ya raha. Pwani hadi leo sinia na mabuli ya shaba husuguliwa kwa ndimu au ukwaju na majivu, na ukwaju bara si haba. Hilo ninaloliita kumbukumbu, mwenye kisu pengine aliliita uchafu. Kupenda vitu vikuukuu ni tabia ya mtu mwenye vipya vingi. Sasa sisi tuna haki gani ya kusema msisugue?

Jibu langu ni hili. Mwenye kisu akisugua, kusugua kwake nako ni kutumia. Alama za majivu na mchanga ni zake, ni sehemu ya maisha ya kile kitu. Akishakufa hakuna tena mkono wa kuongeza. Mtu mwingine akija na dawa ya kung'arisha, hata akiwa na nia njema ya kupamba kabati la maonyesho, anafuta.

Na kufuta huku hakukuanza na makabati. Tazama pembe za ndovu. Pembe kubwa ilikuwa mzigo wa watu wawili, imefungwa mtini, imetembea miezi mitatu chini ya jua na jasho. Ukiigusa kila siku, mafuta ya ngozi yanaipa rangi ya asali. Ukiifungia gizani inakuwa ya njano. Ikiota jua inakuwa nyeupe. Wateja wa ng'ambo walitaka nyeupe. Kule Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut, Marekani, viwanda vilikata pembe za Afrika Mashariki kuwa vipande vyembamba vya vinanda, na vipande hivyo vikaanikwa juani katika majumba ya vioo mpaka njano yote ikatoka. Kule Sheffield, Uingereza, kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilipata jina kwa visu vya mezani vyenye mipini ya pembe. Mipini hiyo mama wa nyumba alionywa asiitumbukize katika maji ya moto, isije ikapasuka na kugeuka rangi. Yaani mzigo ule uliotoka huku ulipotua mezani kwa Mwingereza, jasho la kwanza lilikuwa limekwisha kuoshwa, na mpini ukaanza kuzeeka upya kwa mikono mingine.

Kuna mzigo mmoja, hata hivyo, ambao ulipendwa kwa kuzeeka. Huo ni kipusa. Sisi mtaani kipusa ni msichana mrembo, na wengi hawajui kwamba neno lenyewe ni pembe ya faru. Vipusa vilishuka pwani pamoja na pembe za ndovu, na vingi vilikwenda Arabuni kuwa mipini ya majambia. Pembe ya faru haina mfupa ndani. Imejengwa kwa kitu kile kile cha kucha na nywele, nyuzi nyingi zilizoshikamana. Mpini wake ukiwa mpya hauna jambo, rangi yake ni ya matope. Ukishikwa, ukapapaswa, ukapita kutoka baba kwenda mwana, mafuta ya mikono yanaungarisha mpaka mwanga unapenya, rangi inakuwa kama ya kaharabu. Wayemeni wana neno la rangi hiyo, saifani, na jambia lenye mpini wa saifani ni mali na ni heshima ya ukoo. Hapo mambo yamegeuka: mchakao ndio bei.

Ukitazama haraka utasema hao ndio watu waliotuelewa. Lakini subiri. Miaka ya 1970, vijana wengi wa Yemen ya Kaskazini walikwenda Saudia kufanya kazi na kurudi na fedha. Kila mmoja akataka jambia kama la mzee wa ukoo. Saifani haitengenezwi kwa siku moja, inahitaji miaka. Lakini pembe mpya inanunuliwa leo. Mwaka 1970 faru weusi walikadiriwa kuwa 65,000 katika Afrika nzima. Mwaka 1995 walikuwa wamebaki karibu 2,400. Yemen haikuwa soko pekee, Asia ya Mashariki nayo ilinunua pembe kwa dawa, na Yemen ya Kaskazini yenyewe ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, ingawa magendo hayakusikia. Mimi najiuliza juu ya mpini mzuri kuliko yote, uliozeeka vizuri, unaopitisha mwanga. Umetunza kila mkono wa ukoo ule kwa miaka 100. Mkono wa mpagazi aliyeitoa pembe bara haumo. Ulichongwa ukatupwa na maganda siku ya kwanza.

Na pawepo uaminifu: njia hii haikuwa ya visu na waya tu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, walifanya kazi kwa ujira, waligoma, na wakiona kirangozi au tajiri amevuka mpaka walitua mizigo wakaondoka; pale hasa wao ndio walioshika mpini. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita watumwa, na Tabora ilikuwa na watumwa wengi, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Mnyororo nao ni chuma kinachobebwa kila siku. Chuma kinachosuguliwa na kitu laini kwa muda mrefu kinalainika upande ule, huku upande wa nje ukiwa na kutu ya mvua. Ukipata nafasi ya kuingia katika makumbusho yoyote ya njia hii, iwe Bagamoyo, Kwihara au Ujiji, usitazame urefu wa mnyororo. Omba ruhusa utazame ndani ya pete.

Turudi kwa mhusika wangu, maana sasa nadhani namjua zaidi. Kisu chake nimekipa mpini wa mninga, waya wa shaba njano mizunguko 18, mizunguko miwili ya shaba nyekundu aliyopewa na shemeji yake aliyetoka Katanga. Upande wa kushoto waya umekuwa bapa. Karibu na ubapa mizunguko mitano haipo, na pale mti unaonekana mweupe kuliko kwingine. Njaa ilipowakuta Ugogo, wakati tajiri amegoma kutoa posho, aliufungua waya ule akanunua mtama. Haya nimeyabuni, lakini sikuyabuni hewani. Mtu aliye na fedha zilizozungushwa kwenye kisu, akipatwa na njaa, atafanya nini kingine? Na msomaji wangu hahitaji kuambiwa kwamba safari ilikuwa ngumu. Atahesabu mizunguko.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi wa masafa ikafa, ingawa vita vilivyofuata viliirudisha kwa mabavu kwa miaka michache. Katika vita hiyo Tabora ilitengeneza kitu chake cha mwisho cha shaba ninachotaka kukitaja. Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na hawakuwa na sarafu. Mwaka 1916, kwa mitambo ya karakana ya reli, wakagonga fedha zao hapa hapa: sarafu za dhahabu za rupia 15, jumla yake 16,198, na sarafu za hela 5 na hela 20 za shaba, zikiwemo njano na nyekundu. Dhahabu ilitoka Sekenke. Shaba ilikuwa ya chakavu, pamoja na maganda ya risasi. Ile ya dhahabu ina tembo upande mmoja, amesimama mbele ya milima. Hela zina taji la Kaisari, herufi D.O.A., mwaka, na herufi ndogo T, ndiyo Tabora.

Dhahabu ilifichwa. Haikupita mikononi, kwa hiyo tembo wake hadi leo ana mikunjo ya masikio, na watu wa minada ya Ulaya wanaigombania. Hela ndizo zilizonunua viazi, tumbaku na chumvi. Wauza sarafu za kale wanaozipata siku hizi huzisugua kwa majivu na ndimu ili zing'ae, bila kujua kwamba wakusanyaji hutoa fedha kidogo kwa sarafu iliyosuguliwa kuliko kwa iliyoachwa na weusi wake. Ukiipata iliyotumika sana na haijaguswa, namba 20 inasomeka bado, T inaonekana ukiigeuzageuza kwenye mwanga, na taji limebaki kivuli tu, limeliwa na vidole vya sokoni.